Mlango Mmoja, Pande Mbili: Uchambuzi wa Seti ya Hadithi ya Picha

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzangu aliandika hadithi ya picha ya wanasesere wenye viungo, wale wa urefu wa sentimita 15, inayotokea ndani ya meli ya mizigo inayoingiza maji. Wahusika ni wawili tu, Nahodha na Fundi. Fundi amebaki chumba cha injini akijaribu kuziba bomba lililopasuka, na Nahodha analazimika kufunga mlango wa chuma ili maji yasiimalize meli nzima. Andiko lilikuwa na fremu 22 na mahali patano: korido, chumba cha injini, chumba cha usukani, kabini ya Fundi, na sitaha asubuhi iliyofuata. Kazi yangu ilikuwa kupanga seti na kuzijenga.

Wengi wakipewa andiko la namna hii huanza na vyumba. Wanachora ramani ya meli, wanakata kuta nne, wanapaka rangi, wanapanga vifaa, kisha ndipo wanatafuta mahali pa kuweka kamera. Naipinga njia hiyo, na kisa hiki kinaonyesha sababu. Ndani ya kila hadithi ya picha kuna picha moja ambayo ikitolewa hadithi inakufa. Mimi naiita picha mama. Seti inajengwa kwa ajili ya hiyo kwanza, na picha zote nyingine zinapata nafasi ndani ya kile kilichojengwa.

Fremu ya 14

Nilimwomba mwenzangu anionyeshe picha hiyo, naye hakusita. Kwenye andiko ilikuwa sentensi moja: wote wawili wameugusa mlango uleule, kila mmoja upande wake, na msomaji anawaona wote kwa pamoja.

Ingewezekana kutumia fremu mbili zilizokaa bega kwa bega, moja ya korido na moja ya chumba cha injini. Tuliijadili njia hiyo kwa makini maana ni rahisi na haihitaji ujenzi wowote wa ziada. Tuliiacha kwa sababu fremu mbili zinamwambia msomaji kwamba watu hawa wako karibu, wakati hadithi hii ilitaka aupime umbali huo mwenyewe kwa macho, aone kwamba kinachowatenga ni unene wa chuma tu. Kwa hiyo tulihitaji meli iliyokatwa ubavuni: kamera inatazama kutoka pale ukuta unapoishia, korido iko kushoto, chumba cha injini kulia, na ukuta umesimama katikati ya picha.

Hapo ndipo tatizo la kwanza linapojitokeza, na halionekani kwenye karatasi mpaka usimamishe vitu mezani. Kamera ikikaa sawasawa na ukuta, inaona ukingo wake peke yake. Nyuso zake mbili zinajificha nyuma ya ukingo huo. Mlango, gurudumu lake la kufungia, makomeo yake, vyote vinapotea, na msomaji anabaki akiwaona watu wawili wamesimama kando ya mstari mweusi bila kujua kama ule ni mlango, nguzo au mpaka wa fremu. Ukiisogeza kamera kushoto kidogo unaupata uso wa kushoto, lakini wa kulia unazidi kujificha.

Suluhisho lilikuwa kudanganya kwa ukuta. Tuliujenga kwa mbao mbili nyembamba za povu zilizounganishwa kwenye ukingo wa mbele kwa utepe wa kitambaa, zikifunguka kama jalada la kitabu, mgongo wake ukielekea kwenye kamera. Zikifungwa, ni ukuta wa kawaida ulionyooka. Zikifunguliwa, kila ubao ukienda pembeni kama digrii 20, ukuta unakuwa kabari: mwembamba mbele, mpana nyuma. Sasa kamera iliyokaa katikati inaziona nyuso zote mbili kwa mshazari, na kila uso una mlango wake kamili. Mlango wa upana wa sentimita 8 kwa mshazari huo unaonekana kama wa sentimita 3 hivi. Ni mwembamba, lakini gurudumu linasomeka kama duara lililolala na makomeo yanahesabika. Msomaji hagundui kwamba ukuta umepanuka kwa nyuma, maana sehemu hiyo iko ndani ya giza na mabomba.

Uwazi wa ndani ya kabari ulitupa faida ambayo hatukuitafuta. Nyaya za taa zilipita humo, na betri nzito ziliwekwa humo humo kuuzuia ukuta usisogee mwanasesere anapouegemea.

Viungo kabla ya kuta

Kabla sijakata chochote, tuliwasimamisha wanasesere wote wawili kati ya vitabu viwili vizito na kujaribu mkao wa fremu ya 14. Zoezi hili namsihi kila anayejenga seti alifanye, kwa sababu mwanasesere hana utii wa mwigizaji. Ana viungo vya aina fulani, vinavyokunjika upande fulani kwa kiasi fulani, na hapo ndipo mwisho wake.

Andiko lilitaka viganja viwili vikabiliane. Fundi aliweza: ana mkono wa akiba wenye kiganja kilichofunguka, na kifundo chake kinakunjika kwenda nyuma vya kutosha kukilaza kiganja bapa ukutani. Nahodha hakuweza. Kifundo cha mkono wake kinakunjika kwa ubavu tu, hivyo kiganja kikigusa ukuta vidole vinatazama pembeni, kama mtu anayejaribu rangi kama imekauka. Lakini shingo yake ina kiungo kizuri cha chini kinachoruhusu kichwa kuinama sana. Tukamjaribu na paji la uso limeegemea mlango, ngumi imekunjwa karibu na sikio.

Mwenzangu aliutazama mkao huo kwa muda mrefu kisha akabadilisha andiko. Aliyemo ndani ndiye anayenyoosha kiganja. Aliyefunga ndiye asiyeweza kuinua uso. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu bora kabisa katika hadithi nzima, na kimetoka kwenye kiungo cha plastiki. Kama kuta zingekuwa tayari zimejengwa, tungetafuta njia ya kulazimisha kiganja.

Zoezi hilo lilitupa pia vipimo halisi. Mwanasesere wa sentimita 15 anawakilisha mtu wa sentimita 180, yaani skeli ya 1:12. (Wale wa sentimita 30, ukubwa uliokuja na mwanasesere askari G.I. Joe wa kampuni ya Hasbro mwaka 1964, wanahitaji 1:6. Mark Hogancamp wa Kingston, New York, alijenga mji mzima kwa skeli hiyo nje ya nyumba yake. Wadogo wa inchi 3 na robo tatu, ambao kampuni ya Kenner iliwaeneza kuanzia 1978, wanaangukia karibu na 1:18.) Mlango wa sentimita 200 kwa 80 ukiugawa kwa 12 unapata 16.7 kwa 6.7. Hesabu iko sawa, mlango haufai. Mabega ya Nahodha akiwa na koti yanakaribia sentimita 6, na mpiga picha anahitaji nafasi ya vidole vyake anapompanga. Tukaenda sentimita 18 kwa 8. Katika seti za skeli hii mimi huongeza milango kidogo kuliko hesabu inavyotaka na hupunguza kina cha viti, kwa sababu nyonga za wanasesere hawa hazikunjiki kikamilifu na wakikaa huteleza mbele.

Mahali patano pakawa patatu

Baada ya picha mama kupatikana, tulihesabu fremu kwa mahali. Chumba cha injini kilikuwa na fremu 9, korido 7, chumba cha usukani 3, kabini 2, sitaha 1. Chumba cha usukani ndicho kilichokuwa na kazi kubwa kuliko vyote, pamoja na vioo, mitambo, meza ya ramani na usukani wenyewe, kwa ajili ya fremu 3 ambamo Nahodha anapokea habari na kutoa amri. Tukaliuliza andiko: je, amri hiyo ni lazima itolewe pale? Haikuwa lazima. Nahodha akawekewa simu ya ukutani kwenye korido, na fremu 3 zikawa 2. Kabini ikafutika, picha ya familia ya Fundi iliyokuwa ndani yake ikabandikwa kwenye paneli ya chumba cha injini, mahali ambapo fundi wa kweli angeibandika. Zikabaki fremu 19.

Ilikuwa juhudi iliyookolewa, lakini hadithi nayo ilibana. Nahodha sasa haondoki karibu na mlango tangu maji yanapoanza.

Maji

Hapa nitakaa kidogo, maana maji ndiyo yanayowashinda wengi.

Maji halisi hayapungui ukubwa. Tone la milimita 4 katika seti ya 1:12 linaonekana kama tone la karibu sentimita 5, na hakuna tone la namna hiyo duniani. Viwimbi vidogo vinavyozuka ukigusa beseni vinamwambia msomaji mara moja kwamba anatazama beseni. Zaidi ya hapo, povu linaelea, kadibodi inavimba, na skrubu ndogo za viungo zinashika kutu.

Tulianza na swali la kina. Mwenzangu alitaka maji yafike kifuani kwa ajili ya kutisha. Nilipendekeza kiunoni, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya picha: yakifika kifuani, mkono wa Fundi unakaribia usawa wa maji na kiganja kinapoteza nguvu yake. Ya pili ni ya ukweli wa hali yenyewe. Mlango wetu unafunguka kwa kuingia chumba cha injini. Maji ya kina cha mita moja yakisukuma mlango wa upana wa sentimita 80 yanaulalia kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400, na hata ukitoa kizingiti cha sentimita 30 inabaki karibu kilo 200. Mtu mmoja aliyesimama ndani ya maji hauvuti mlango huo. Kiunoni panatosha: maji yenyewe yamekwisha kuufunga, hata Nahodha akijuta. Msomaji hahesabu kilo, lakini akiziona bawaba ziko upande wa chumba cha injini anaelewa kwamba mlango unavutwa dhidi ya maji. Kwa hiyo bawaba zilijengwa kubwa na kupakwa rangi ya kung'aa kidogo kuliko chuma kinachozizunguka.

Kiuno cha Fundi kiko sentimita 8 hivi kutoka sakafuni. Tulikata plastiki ngumu angavu vipande viwili, kila kimoja na nusu duara kwenye ukingo, vikakutana vikimzunguka kiunoni. Vililala juu ya vijiti vilivyobandikwa kwenye kuta. Upande wa chini ulipakwa kijani cheusi chenye madoa ya kahawia kwa ajili ya mafuta, na upande wa juu ulipakwa jeli nzito ya akriliki kwa brashi ngumu, ikigongwagongwa mpaka iinuke vilima vidogo. Jeli hii ikiwa mbichi ni nyeupe na ikikauka inakuwa angavu, lakini ukiipaka nene kwa mara moja inabaki na ukungu ndani. Ipake nyembamba, isubiri, rudia. Vilima hivyo ndivyo vilivyoficha mshono kati ya vipande viwili. Kuzunguka kiuno cha Fundi tuliviongeza urefu, kwa kuwa maji hupanda kidogo pale mtu anapojisogeza.

Lilibaki swali la mbele. Meli imekatwa, kamera inatazama kwenye mkato, na chini ya plastiki ile kuna miguu ya Fundi na sakafu kavu. Kwa upande wa korido lazima miguu ya Nahodha ionekane, tena mikavu, hivyo fremu haikuweza kukatwa kwa chini. Mwenzangu alitaka tuweke mabomba mbele ili yafiche. Mimi nilitaka mkato uonekane wazi. Tulijaribu mabomba na yakamfanya msomaji aone chumba chenye vitu vingi, wakati alipaswa kuona kitu kimoja: mstari wa maji unaotoka kulia, unafika ukutani, na unakoma. Tukaweka mbele kipande cha plastiki angavu kilichopakwa kwa nyuma kijani chafu, kizito chini na chepesi juu, na miguu ya Fundi ikabaki vivuli viwili ndani yake. Mstari huo wa maji ukawa nguzo ya picha yote.

Unyevu kwenye mwili wa Fundi haukuwa maji. Nguo iliyolowa huwa nyeusi zaidi na hung'aa, basi tulipaka rangi nyembamba nyeusi kutoka kiunoni hadi kifuani, ikififia kwa kupanda, kisha vanishi ya kung'aa juu yake. Usoni tuliweka gliserini kidogo mno kwa ncha ya sindano ya kushonea. Gliserini inabaki mahali pake chini ya taa, haikauki upesi kama maji.

Taa mbili zisizokutana

Korido ilikuwa na mwanga wa dharura, mwekundu wa kahawia. Chumba cha injini kilikuwa na mwanga wa baridi unaotoka juu, kutoka taa moja ambayo haijazimika bado. Katika meli ya kweli bamba la ukuta lina unene wa milimita chache, na kwa skeli yetu lingekuwa jembamba kama karatasi ngumu. Ubao wa povu wa milimita 5 tayari ni mnene kupita ukweli, na ukingo wa kabari yetu ulikuwa na milimita 12 zilizopakwa nyeusi tupu. Ukiupanua kwa 12, huo ni ukuta wa sentimita 14. Hakuna meli ya namna hiyo. Lakini mstari huo mweusi ulifanya kazi mbili: uliitenga rangi moja na nyingine bila kuchanganyikana, na ulisomeka kama nafasi tupu kati ya fremu mbili za hadithi, ule mpaka ambao macho ya msomaji yamezoea kuuvuka. Nilipolazimika kuchagua kati ya ukweli wa meli na ukweli wa ukurasa, nilichagua ukurasa.

Katika umbali mdogo mwanga hufifia kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii. Taa ikiwa sentimita 20 kutoka kwa mwanasesere na ukuta wa nyuma ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye taa hiyo, ukuta unapata robo tu ya mwanga anaoupata mwanasesere. Hilo ni balaa ukitaka chumba kionekane chote, na ni neema ukitaka vilindi vya meli vizame gizani. Sisi tulitaka giza. Taa ndogo za LED zilikaa karibu, zikafunikwa na karatasi ya kuokea ili kivuli chake kilainike, na upande wa injini karatasi hiyo iliwekwa tabaka moja tu, maana taa tupu inayoning'inia hutoa kivuli kikali. Mwangaza mwembamba ulielekezwa juu ya jeli kutoka nyuma. Bila mwanga wa nyuma vilima vile vya maji havionekani kabisa.

Kamera na kina chake

Lenzi ilikaa sentimita 13 na nusu juu ya sakafu ya seti, usawa wa macho ya wahusika. Kamera iliyoinama kutoka juu humrudisha msomaji kwenye meza. Anayetumia simu aigeuze juu chini ili lenzi iwe karibu na sakafu. Picha inageuzwa baadaye bila shida.

Kinachowafanya wanasesere waonekane wadogo mara nyingi ni ukungu wa mbele na nyuma. Chukua mtu halisi anayepigwa kutoka mita 5 kwa lenzi ya milimita 35, tundu la lenzi likiwa f/4 (namba ya f ikikua, tundu linapungua). Kuipata picha ileile kwa 1:12, lenzi hiyohiyo ikiwa sentimita 42 kutoka kwa mwanasesere, tundu lingepaswa kuwa dogo mara 12, yaani f/48. Lenzi nyingi za kawaida zinaishia f/22 au hapo karibu, na hata kabla ya hapo picha huanza kupoteza ukali kwa sababu mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo. Mpiga picha Mmarekani David Levinthal, katika picha zake za askari wa kuchezea za miaka ya 1970, aliuchukua ukungu huo akaufanya lugha ya kazi yake, na unafaa sana kwa kumbukumbu na hofu. Hadithi yetu ilihitaji kinyume chake: vitu vikali, vigumu, vinavyogusika.

Picha mama ilikuwa imekwisha kutusaidia. Kwa kuwa wahusika wote wamesimama umbali mmoja kutoka kwenye kamera, nyuso, kiganja na ngumi vilikuwa kwenye ulalo mmoja, na f/11 ikatosha kuvishika. Kwa milango iliyorudi nyuma tulipiga picha kadhaa, kila moja fokasi ikisogezwa kidogo, na programu ikaziunganisha. Wanasesere hawapumui. Ni faida ambayo mpiga picha wa watu hana, na ni vizuri kuitumia bila haya.

Fremu nyingine zinatii

Kwenye fremu ya 14 Nahodha yuko kushoto akitazama kulia, Fundi yuko kulia akitazama kushoto. Kuanzia hapo hapakuwa na uhuru tena: katika kila fremu ya peke yake kabla na baada ya hiyo, Nahodha akiuelekea mlango anatazama kulia, na Fundi anatazama kushoto. Msomaji akivunjiwa mwelekeo huo katika fremu moja tu, anapofika picha mama anaanza kuuliza nani yuko wapi, na wakati huo ndio tunaohitaji moyo wake, si akili yake ya ramani.

Kuta zote nyingine zilikuwa za kuondoka. Zilisimamishwa kwa sumaku ndogo zilizozikwa kwenye kona, ili upande wowote uweze kutolewa na kamera au mkono uingie. Chumba cha injini hakikuwahi kuwa na kuta nne kwa wakati mmoja, wala dari kamili, isipokuwa mihimili michache pale ilipoonekana.

Korido iliyotazamwa kwa urefu ilikuwa jambo la pekee. Tulitaka mita 12 za korido, ambazo kwa skeli ni mita moja, na meza ilitupa sentimita 40. Kamera ikiwa sentimita 50 kutoka mwanzo wa korido, mwisho wa mita moja ungekuwa sentimita 150 kutoka kwenye lenzi. Mwisho wetu ulikuwa sentimita 90. Basi kimo cha sentimita 19 mbele kilishuka hadi 11 na nusu nyuma, upana ukapungua kwa uwiano huohuo, na mabamba ya ukutani yakazidi kusongamana kadiri yanavyorudi. Udanganyifu huu una sehemu moja tu ya kutazamiwa. Kamera ikisogea, korido inapinda. Na mwanasesere hawezi kwenda nusu ya nyuma, maana atakuwa jitu. Kwa hiyo Nahodha anakimbia kuja kwetu, na fremu ya kwanza ya mbio hizo haina mtu ndani yake, ina kivuli tu ukutani.

Kuhusu rangi nitakuwa mfupi. Rangi ya kupulizia yenye kiyeyushi hula povu, hivyo kwanza tabaka la akriliki iliyochanganywa na gundi nyeupe, kila mahali pamoja na kingo zilizokatwa. Vichwa vya ribiti ni matone ya gundi hiyo yaliyoachwa yakauke. Kutu inaanzia kwenye ribiti na kwenye maungio, inashuka chini, haipandi, na haitawanyiki sawasawa kama madoa ya chui. Kona za mlango ni za mviringo kwa sababu katika chuma kinachotikiswa na bahari nyufa huanzia kwenye kona kali. Mjenzi akizikata mraba, seti inanuka nyumba badala ya meli.

Sitaha, na kilichobaki bila kukubaliwa

Fremu ya mwisho ilipigwa nje, kwa mwanga wa jua, kipande cha sitaha kikiwa ukingoni mwa meza na mbingu halisi nyuma. Mpiga picha Michael Paul Smith, aliyejulikana kwa magari yake ya 1:24 yaliyopigwa mbele ya mitaa ya kweli, alitumia msingi huu kwa miaka mingi: ukiilinganisha vizuri meza na kilicho mbali, kamera haijui mpaka uko wapi. Kanuni ya kuishika ni upeo wa macho. Upeo daima uko kwenye kimo cha lenzi, hivyo ukiweka lenzi sawa na macho ya Nahodha, mstari wa upeo lazima upite machoni pake. Ukipita kwenye magoti, yeye ni jitu. Ukipita juu ya kofia, ni mtoto.

Kabla ya kupanga maandishi, tulimpa mtu asiyeijua hadithi picha zote bila neno lolote. Fremu ya 14 aliisoma papo hapo, na alisema jambo ambalo hatukuwa tumelitamka, kwamba aliye nje hawezi kumtazama aliye ndani hata kama pasingekuwa na mlango. Simu ya ukutani hakuielewa. Alidhani ni bomba la moto. Tukaiongezea waya uliojikunja, na kwenye fremu ya pili Nahodha akaonekana ameiacha ikining'inia.

Mimi na mwenzangu bado hatujakubaliana kuhusu kile kipande cha kijani kwenye mkato. Yeye anaona kinamkumbusha msomaji kwamba meli imekatwa, kwamba kuna mtu aliyeijenga. Mimi naona msomaji aliyefika fremu ya 14 amekwisha kuikubali meli, na kwamba vivuli vile viwili vya miguu vinasema zaidi kuliko mabomba yoyote. Toleo lililotoka lina mkato. Mabomba nimeyahifadhi, na kabari pia, utepe wake ukiwa bado imara. Mwenzangu ameshaanza kuandika hadithi nyingine yenye dirisha kati ya watu wawili, na safari hii amenipa picha mama kabla ya andiko.